Mtego unaopiga picha, na dawa isiyopigwa

Mkulima wa michungwa anayepiga dawa kila baada ya wiki mbili hafanyi hivyo kwa ujinga. Hajui wadudu ni wangapi, wako upande gani wa shamba, wala wamefikia hatua gani ya maisha yao. Anachokijua ni tarehe, na njia ya kwenda duka la pembejeo. Asipopiga na wadudu wakaingia, hasara yote ni yake. Akipiga bila sababu, hasara inagawanywa: kiasi mfukoni mwake, kiasi kifuani mwa kijana aliyebeba bomba mgongoni, kiasi kwa mlaji, na kiasi kwa wadudu marafiki wa mkulima ambao hakuna anayewahesabu. Ukiitazama hivyo, dawa ni bima, na anayelipia bima hiyo ni mtu asiyejua kinachotokea shambani mwake.

Vifaa vya kidijitali vinavyosifiwa siku hizi, mitego yenye kamera, vituo vidogo vya hali ya hewa, programu za simu, ramani, ndege nyuki, vingi vyao haviui mdudu hata mmoja. Kazi yao ni kupunguza kutojua. Kiuatilifu kinachookolewa ni kile cha mzunguko ambao haukuhitajika, au cha lita zilizokuwa zinamwagika chini ya mti. Nasisitiza hili mapema kwa sababu matangazo ya biashara hiyo yanapenda kutuonyesha roboti ikipambana na nzi, na mtu akinunua kifaa kwa matumaini hayo atakuja kukasirika.

Nitatumia mfano wa Valencia, mashariki mwa Hispania. Sichagui California wala Brazili, ambako shamba moja linaweza kuimeza kata nzima, kwa kuwa mambo yao hayafanani na yetu. Hispania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nje machungwa, machenza na malimau ambayo hayajasindikwa, lakini mashamba mengi ya Valencia hayafiki hekta 1. Yamerithiwa na kugawanywa, wenyewe wengi ni wazee, na mengine yametelekezwa watoto walipohamia mjini. Mtu wa Muheza, kwenye michungwa ya Tanga, akitembezwa huko atashangaa lugha na mifereji ya maji. Habari ya shamba la marehemu lililoachwa vichaka hatashangaa.

Kilichowasukuma wakulima wale kwenye kuhesabu wadudu hakikuwa mapenzi ya teknolojia. Januari 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa klorpirifosi, dawa ya bei rahisi iliyokuwa tegemeo lao kwa miaka mingi. Kufikia Aprili mwaka huohuo matumizi yake yalikuwa yamekwisha, na Novemba kiwango cha mabaki kinachoruhusiwa kwenye tunda kikashushwa hadi miligramu 0.01 kwa kilo, yaani karibu na sifuri kadiri maabara inavyoweza kupima. Wakati huohuo walikuwa wanahangaika na mgeni: kidung'ata, mdudu mdogo wa kunyonya aliyetoka Afrika Kusini, aliyeonekana kwa mara ya kwanza kaskazini mwa jiji la Valencia mwaka 2009. Anayashambulia machungwa yakiwa bado machanga, nayo yanakua yakiwa na vinundu na maumbo ambayo hakuna duka litakaloyapokea. Mdudu mpya ameingia, dawa ya zamani imetoka. Katika hali hiyo ndipo mtu anapokubali kusikiliza habari za mitego.

Joto linavyohesabiwa

Tuanze na mdudu mmoja tumwangalie kwa karibu, maana bila kumjua yeye, hesabu zinazofuata hazitaeleweka. Chukua chungwa lenye vidoa vidogo vya duara, rangi ya kutu, kila kimoja hakifiki milimita 2. Kikwangue kwa ukucha. Kinabanduka kama gamba, na chini yake kuna kitu laini cha manjano kisicho na miguu wala mabawa. Huyo ni jike wa gamba jekundu. Ametoboa ganda, ameingiza mdomo, na hapo alipo ndipo atakapokaa mpaka afe. Paa alilojijengea ni la nta, na dawa ikimwagwa juu yake inateleza.

Dume ni kitu kingine kabisa: mdudu wa manjano mwenye mabawa, milimita 1 hivi, ana mstari wa kahawia begani, na anaishi muda mfupi tu kutafuta majike kwa harufu. Watoto nao wanazaliwa wakiwa hai, wadogo kama chembe ya vumbi, na wana miguu. Wanatembea saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, wakitafuta mahali pa kukaa. Wakishakaa wanaanza kujenga paa, na mlango umefungwa. Kwa hiyo katika maisha yote ya mdudu huyu, dawa inamwumiza vizuri katika dirisha dogo sana, pale watoto wanapotembea. Ukipiga wiki tatu kabla ya hapo, umeogesha mapaa ya nta, na umewaua nyigu wadogo waliokuwa wanakusaidia.

Swali basi ni lini watoto watatembea, na jibu lake liko kwenye joto. Mdudu hajipashi joto mwenyewe kama sisi. Kukua kwake kunategemea joto la hewa. Gamba jekundu halikui joto likiwa chini ya nyuzi 11.7 za selsiasi. Juu ya hapo, kila nyuzi inaongeza kasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California walilipima hili zamani: kuanzia madume wa kwanza wanaponaswa mtegoni mwanzoni mwa msimu wa joto, zinahitajika kama nyuzijoto 306 zilizokusanywa siku baada ya siku mpaka watoto waanze kutembea, na kama 611 mpaka kizazi kizima kikamilike.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Tuseme leo joto la juu lilikuwa 30 na la chini 16. Wastani ni 23. Toa 11.7, inabaki 11.3. Hizo ndizo ulizoweka kibubuni leo. Siku zote zikiwa kama hiyo, 306 zitafika baada ya siku 27. Msimu ukianza kwa baridi zitachukua siku 40, ukianza kwa joto kali zitachukua 22. Kalenda ya ukutani haina habari na tofauti hiyo ya wiki mbili na zaidi, ila kituo cha hali ya hewa kilichofungwa juu ya nguzo shambani kinayo, na simu inamwambia mkulima: bado siku nne.

Zamani bwana shamba aliifanya kazi hii kwa kalamu na daftari, na wapo waliokuwa wanaifanya vizuri. Simu haikuleta elimu mpya hapa. Imeondoa uchovu wa kupima kila siku, na imeondoa ile siku ambayo mtu alisahau akaandika namba ya kubuni.

Jambo lingine linalofuata joto ni wale nyigu. Mmoja wao, Aphytis melinus, ambaye kwa macho matupu ni kama nukta ya manjano inayoruka, alipelekwa California kutoka India na Pakistan katika miaka ya 1950, na leo anafugwa na kuachiliwa katika mashamba ya machungwa nchi nyingi. Anataga yai chini ya gamba, na buu wake anamla mwenye nyumba. Lakini hatagi juu ya gamba lolote. Anapenda jike aliyekaribia kukomaa na bado hajapandwa. Hesabu ileile ya joto inasema majike wa aina hiyo watakuwa wengi lini, ili nyigu waachiliwe wakute kazi. Mkulima aliyepiga dawa kali wiki iliyotangulia amenunua nyigu wa kuja kufa. Na akishawamaliza, magamba yanayobaki hayana adui, yanaongezeka, anapiga tena. Wapo waliozunguka humo miaka kumi wakidhani tatizo ni dawa feki.

Kamera ndani ya kibanda cha plastiki

Mtego wa kawaida wa nondo au wa madume wa gamba ni rahisi: karatasi yenye gundi, na juu yake kidonge cha feromoni, harufu ya jike iliyotengenezwa maabara. Mtu anapita kila wiki, anahesabu walionasa, anaandika, anabadilisha karatasi. Kazi hii inachosha, na ukiwa na mitego 40 iliyotawanyika kilomita 15 inakula siku nzima na petroli ya pikipiki.

Mtego wenye kamera ni uleule, ila juu ya karatasi kuna kamera ndogo, betri, na kipande cha sola. Mara moja kwa siku, au zaidi, unapiga picha ya karatasi na kuituma kwa mtandao wa simu. Upande wa pili kuna programu ya akili mnemba iliyofundishwa kwa maelfu ya picha kumtambua mdudu fulani. Inachora kiboksi kumzunguka kila mmoja, inatoa idadi, na namba ya leo inakaa kando ya ya jana kwenye grafu. Mtu mmoja ofisini anatazama mitego ya wilaya nzima.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye tarehe zaidi kuliko kwenye idadi. Anayepita kila Ijumaa atajua kwamba kati ya Ijumaa mbili madume 30 wamenaswa. Kamera itasema 26 kati yao walinaswa usiku wa Jumanne. Kwa hesabu ya joto, ambayo inahitaji siku ya kuanzia, hiyo ni tofauti kubwa.

Ubovu wake nao usifichwe. Vumbi likikaa kwenye lenzi, picha inafifia. Karatasi ikijaa, wadudu wanalaliana na mashine inahesabu rundo kuwa mmoja. Mende, mbu na mabawa yaliyokatika yanahesabiwa kuwa nondo, au nondo wanaachwa. Kwa hiyo watoa huduma makini wanaweka mtu wa kukagua picha. Mtego wenye kamera haukuondoi shambani. Unakupunguzia safari za kwenda kukuta karatasi tupu.

Kwa nzi wa matunda Waaustralia wamekwenda njia nyingine. Kampuni ya RapidAIM, iliyotoka ndani ya taasisi ya utafiti ya taifa, CSIRO, imetengeneza mtego usio na kamera kabisa. Kihisi ndani yake kinatambua nzi kwa namna anavyotembea na kujigeuza akiingia, kisha kinatuma taarifa kwenye simu. Nimependa akili ya jambo hili: hakuna picha, kwa hiyo data ni ndogo na betri inadumu.

Mitego mingi ina kasoro moja ambayo wauzaji huipita haraka. Chambo kikali cha nzi wa matunda, methili eujenoli, kinavuta madume tu. Dume hatoboi chungwa. Anayetoboa ni jike, anayeingiza mayai chini ya ganda kwa ncha iliyo mkiani, na siku chache baadaye kuna mabuu ndani na tunda linaanguka. Idadi ya madume ni dalili ya kwamba ukoo umeingia mtaani. Haikuambii moja kwa moja machungwa mangapi yametobolewa. Ndiyo maana watu makini huweka pia mitego ya chambo cha protini, inayovuta majike wenye njaa, na bado hukata matunda kadhaa kwa kisu kila wiki kuangalia ndani.

Namba inayotumika kimataifa ni nzi kwa mtego kwa siku. Mitego 6 ikinasa nzi 42 katika siku 7, gawanya 42 kwa 6, kisha kwa 7: jibu ni 1. Namba hiyo inakuwezesha kulinganisha shamba lako na la jirani, na wiki hii na iliyopita, hata kama mitego si sawa kwa wingi. Huko Valencia taasisi ya utafiti wa kilimo ya mkoa, IVIA, imeweka wazi mtandaoni mwongozo wa kila mdudu wa michungwa: namna ya kumkagua, maadui zake wa asili, na kiwango ambacho kikivukwa ndipo unapofikiria dawa. Kwangu mimi mwongozo huo una thamani kuliko kamera zote. Kamera inatoa namba, na namba isiyo na kiwango cha kulinganishia ni burudani tu.

Lita ngapi, na zinafika wapi

Siku ikifika ya kupiga kweli, bado kuna upotevu. Desturi katika sehemu nyingi ni lita kadhaa kwa hekta, bila kujali kama miti ni ya miaka minne au thelathini. Watafiti wa IVIA wana programu iitwayo CitrusVol: unaingiza urefu wa mti, upana wa matawi, nafasi kati ya mistari, unene wa majani, mdudu unayemlenga na aina ya dawa, nayo inakupa ujazo unaotosha. Mara nyingi jibu ni dogo kuliko mkulima alivyozoea. Matrekta ya kisasa yana vihisi vinavyotambua pengo kati ya mti na mti na kufunga pua za bomba hapo, hivyo dawa haipigwi hewani.

Kwa anayetumia bomba la mgongoni, kuna kitu kidogo ambacho ningependa kila afisa ugani awe nacho mfukoni: kikaratasi cha manjano kinachogeuka buluu kila tone linapokigusa. Unavibana vichache kwa pini kwenye majani, ndani ya mti, juu, na chini ya jani. Unapiga maji matupu. Kisha unatazama. Mara nyingi cha nje kimelowa buluu nzima na kinadondoka, na cha ndani, upande wa chini wa jani ambako wadudu wamejificha, kiko manjano kama kilivyotoka dukani. Zipo programu za simu zinazopiga picha kikaratasi na kusema ni asilimia ngapi imefunikwa, lakini hata bila simu somo limeingia. Tatizo halikuwa uchache wa dawa.

Nzi hajui mpaka

Hapa ndipo mfano wa Valencia unapokuwa mtamu. Mkulima mwenye robo hekta anaweza kuwa na mtego bora kuliko wote duniani. Shamba la jirani lililoachwa likiwa limejaa matunda yaliyoiva na kuoza, nzi watatoka huko kila asubuhi. Serikali ya mkoa ililiona hili ikaamua kushughulika na eneo zima. Katika kijiji cha Caudete de las Fuentes kuna kiwanda kinachozalisha nzi wa matunda wa Mediterania, mamia ya mamilioni kwa wiki, madume waliotiwa mionzi ili wasizalishe. Wanamwagwa kwa ndege juu ya mashamba, wanapanda majike wa porini, na mayai hayaanguliwi. Afrika Kusini wanafanya jambo lilelile huko Citrusdal kwa nondo wa machungwa, yule ambaye Ulaya inamwogopa kiasi cha kudai machungwa yasafirishwe kwa ubaridi maalumu.

Mpango wa namna hiyo hauendi bila ramani. Maelfu ya mitego inakaguliwa, kila mmoja una mahali pake kwenye ramani, na idadi zinaonyesha wapi waongezwe madume tasa na wapi chambo chenye dawa kidogo kipigwe mti mmoja mmoja badala ya shamba zima. Ukiniuliza ni kifaa gani cha kidijitali kimeokoa dawa nyingi zaidi kwenye michungwa, nitajibu ramani inayochangiwa na watu wengi. Haina mvuto wa kuuzika kwenye maonyesho ya kilimo, lakini ndiyo inayomfanya mtu ajue kwamba leo nzi wako upande wa mto na yeye wa mlimani anaweza kulala.

Ramani hiyohiyo ilishindwa mahali pengine. Florida, Marekani, iligundua ugonjwa wa huanglongbing mwaka 2005. Ni bakteria anayebebwa na mdudu mdogo anayenyonya majani machanga, silidi wa Asia. Mti unaougua unatoa machungwa madogo, yaliyopinda, machungu, yanayobaki kijani upande mmoja, na hauponi. Wakulima wa Florida walijipanga kwa maeneo, idadi ya silidi ikawa inawekwa kwenye ramani, majirani wakakubaliana kupiga dawa wiki moja ili mdudu asipate pa kukimbilia. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini bakteria alikuwa tayari ndani ya miti, na mti unaweza kukaa miaka bila kuonyesha dalili huku ukiambukiza. Silidi nao wakaanza kuzizoea dawa. Msimu wa 2003/04 jimbo lile lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa; msimu wa 2023/24, baada ya ugonjwa, vimbunga na mashamba kugeuzwa viwanja vya nyumba, ni kama milioni 18. Sanduku moja ni karibu kilo 41.

Katika kuutafuta ugonjwa huo mapema, walijaribu picha za kila aina kutoka angani. Kipimo kilichowashangaza watu kilikuwa mbwa. Mwaka 2020 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walichapisha matokeo ya mbwa waliofunzwa kunusa mti wenye bakteria, na usahihi wao ulizidi asilimia 99. Anakwenda mti hadi mti, na kwenye mgonjwa anakaa chini.

Huku kwetu

Tanga, hasa Muheza, ndiko chimbuko la sehemu kubwa ya machungwa ya Tanzania, na Kenya ina Makueni na kaunti za pwani. Nzi mvamizi kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimetengeneza namna nzima ya kupambana naye: mitego ya madume, chambo cha protini, kuvu wa udongoni wanaoua mabuu yaliyoingia ardhini, nyigu, na kibanda cha neti ambamo matunda yaliyoanguka yanawekwa ili nzi wasitoke lakini nyigu wapite. Silidi wa Asia naye tayari ameripotiwa nchi zote mbili. Tulikuwa na wetu wa Kiafrika tangu zamani, ila yeye na bakteria wake wanapenda ubaridi wa milimani. Joto la bondeni lilikuwa ulinzi wa bure. Wa Asia halimsumbui joto, kwa hiyo bonde la Muheza halina tena ngao hiyo.

Tukisema tulete vifaa vya Valencia kama vilivyo, hesabu ya joto ndiyo itakayoanguka kwanza. Kule inafanya kazi kwa sababu kuna majira ya baridi: wadudu wanasimama, kisha wote wanaanza pamoja kama wanafunzi kengele ikilia. Tanga haina kengele hiyo. Kwa wastani wa nyuzi 26, gamba jekundu linakusanya 14.3 kila siku ya mwaka, kizazi kinakamilika kwa siku 43, na wakati wowote ukikagua mti utakuta watoto, majike na madume kwa pamoja. Dirisha liko wazi muda wote kwa baadhi yao na limefungwa kwa wengine. Kinachopanga maisha ya wadudu wetu zaidi ni mvua na matunda: machipukizi mapya baada ya mvua kwa silidi, na msimu wa maembe unaowajaza nzi kabla hawajahamia kwingine. Programu inayofaa huku itahesabu mvua na machipukizi.

Programu za kutambua ugonjwa kwa picha zina mtego wake. Nuru, iliyoandaliwa na mradi wa PlantVillage na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na inayozungumza Kiswahili, ilianza na mihogo na ina sifa ya kufanya kazi bila intaneti. Ni njia nzuri. Michungwa ni ngumu zaidi. Jani la huanglongbing linakuwa na mabaka ya njano, na jani lililokosa zinki pia. Tofauti iko kwenye ulinganifu. Likunje jani kwenye mshipa wa kati: la zinki pande mbili zinafanana, la ugonjwa hazifanani. Jicho la mtu aliyefundishwa linaiona tofauti hiyo. Simu iliyofundishwa kwa picha za bara lingine, na jani likiwa na vumbi la barabara ya Amani, inaweza kukwambia ukate mti uliohitaji mbolea. Uhakika unatoka maabara.

Na kuna majimoto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ambao kila mtoto wa pwani ameng'atwa nao akipanda mwembe, ni walinzi wa kweli. Katika minazi, mikorosho na maembe ya Afrika wamepimwa na kuonekana wakipunguza kunguni wa kunyonya na nzi wa matunda. Wachina waliandika tangu mwaka 304 kuhusu viota vya sisimizi wa jamii hiyo vilivyouzwa sokoni ili kulinda michungwa. Wavunaji hawawapendi, na wana tabia ya kulinda baadhi ya wadudu wanaotoa utamu. Hata hivyo mkulima anayepiga dawa kali kwa kalenda anawaua kwanza wao, maana wao ndio wanaotembea juu ya jani mchana kutwa. Kuhesabu viota vyao kwa simu, mti kwa mti, ni kazi ya asubuhi moja, na sijaona kampuni inayoiuzia mtu huduma hiyo.

Kinachowezekana kesho bila mfadhili ni hiki: kijiji chenye chama cha ushirika kiweke mitego ya chupa za plastiki 20, kila mmoja na namba yake, vijana wawili wahesabu kila Jumatatu, namba ziingie kwenye kundi la WhatsApp na kwenye jedwali moja, bwana shamba atoe wastani wa kila kitongoji. Kamera zije baadaye, zikija.

Kigumu ni kiwango. Cha Valencia kimepigiwa hesabu ya chungwa linalouzwa Ulaya kwa yuro. Tuseme mkulima wa Muheza anauza shambani kwa shilingi 50 kila chungwa, na mzunguko mmoja wa dawa, pamoja na kibarua na maji, unamgharimu shilingi 60,000. Mzunguko huo lazima uokoe machungwa 1,200 ndipo arudishe fedha yake, achilia mbali faida. Kama wadudu walioko mtini hawana uwezo wa kuharibu machungwa 1,200, basi kupiga ni hasara kuliko kuwaacha wale. Kwa bei za namna hiyo, kiwango cha kuanza kupiga dawa kinapaswa kuwa juu zaidi ya cha Mhispania, na idadi ya mizunguko kuwa ndogo. Bei ikipanda hadi 150 karibu na mwisho wa msimu, machungwa ya kuokoa yanashuka hadi 400, na jibu linaweza kugeuka. Kwa hiyo lile jedwali la Jumatatu linahitaji safu mbili zaidi kando ya idadi ya nzi: bei ya chungwa wiki hiyo, na gharama ya mzunguko mmoja wa dawa.